Sketi, Masharubu na Kiambishi A-: Kumhakiki Freddie Mercury kutoka Juba

Utangulizi

Muhula uliopita, katika semina ya uhakiki, mwalimu wetu alimtaka kila mmoja wetu alete msanii aliyezaliwa Afrika Mashariki na kueleza kazi yake moja kwa kina. Wenzangu walileta Siti binti Saad, Bi Kidude na Emmanuel Jal. Mimi nilimleta Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Niliwaonyesha kwenye simu video ya wimbo "I Want to Break Free" ya mwaka 1984, ambamo Freddie amevaa sketi na wigi, na masharubu yake yapo palepale juu ya mdomo. Darasa lilicheka. Kisha yakaja maswali mawili. La kwanza: huyu ni wetu kweli? La pili liliulizwa kwa sauti ya chini kutoka viti vya nyuma: huyu ni mwanamume au ni nini?

Siku ile sikuweza kujibu. Makala hii ni jibu langu, na naanza na swali la pili kwa sababu ndilo lililonisumbua zaidi. Hoja yangu ni kwamba swali lile liliulizwa mapema mno. Liliulizwa kabla hatujaitazama kazi yenyewe, na mhakiki anayeanza na swali hilo huishia kuandika hukumu juu ya mtu badala ya uhakiki wa sanaa. Nitaeleza pia kwa nini naona Kiswahili kinatupa nafasi ya kusubiri, nafasi ambayo Kiingereza hakikuwapa wengi walioandika juu ya msanii huyu.

Lugha isiyouliza

Tuchukue sentensi hii: "Alivaa sketi, akashika mashine ya kufyonza vumbi, akaanza kuimba." Msomaji wa Kiswahili hajui kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke, na sentensi imekamilika kisarufi bila yeye kujua. Kiambishi a- kinamhusu mtu, basi. Mwandishi wa Kiingereza hana uhuru huo kwa urahisi: akifika kwenye kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja, kwa kawaida anatakiwa achague upande.

Sisi wa Juba tunalijua jambo hili hata nje ya Kiswahili. Kiarabu cha Juba, tunachokitumia sokoni na kwenye bodaboda, kinasema "uo" kwa mwanamume na kwa mwanamke, ingawa Kiarabu cha Khartoum kinawatenganisha. Kibari, lugha ya wenyeji wa mji huu, kinafuata njia nyingine: kina viambajengo vya kiume na vya kike. Kwa hiyo mwanafunzi wa hapa anaweza kuvuka mpaka huo wa kisarufi mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana, na wala asitambue.

Hata hivyo, tusijisifu kupita kiasi. Sarufi isiyotaja jinsia haijengi jamii isiyojali jinsia. Neno "shoga" linatosha kuwa ushahidi. Huko pwani, mwanamke humwita mwanamke mwenzake shoga kwa upendo, maana yake rafiki wa karibu. Neno hilohilo likielekezwa kwa mwanamume linakuwa tusi. Kilichobadilika ni mwili wa anayeitwa, neno ni lilelile. Na kwa mtu asiyejiona yuko ndani ya uanaume pekee wala uanamke pekee, Kiswahili cha kila siku hakijampa jina linaloweza kutamkwa bila kuumiza. Kiambishi a- kinampokea mlangoni, lakini sebuleni hakuna kiti chake.

Ni lazima niseme pia kwamba Freddie mwenyewe hakujitambulisha kwa istilahi tunazozitumia leo kuhusu jinsia. Sitambandika. Ninachoweza kukihakiki ni kile alichokichora, alichokivaa na alichokiigiza.

Aliyejichora

Watu wengi wanamjua kama sauti. Wachache wanakumbuka kwamba kwa mafunzo alikuwa msanifu wa michoro. Alizaliwa akaitwa Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba yake alikuwa mhasibu wa malipo katika Mahakama Kuu chini ya serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko wenzake wakaanza kumwita Freddie. Alirudi Unguja mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Uingereza. Huko alisoma sanaa ya michoro katika Chuo cha Sanaa cha Ealing, London, akamaliza mwaka 1969. Kwa muda aliuza nguo katika soko la Kensington pamoja na Roger Taylor, aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi. Naitaja kazi hiyo ya nguo makusudi, kwa kuwa mtu aliyejifunza kuchora na kuuza mavazi anajua vizuri kwamba vazi ni alama inayosomwa.

Kazi yake ya michoro inayojulikana zaidi ni nembo ya Queen. Aliichora kwa kutumia nyota za kuzaliwa za wanabendi wanne. Simba wawili wanawakilisha wawili wenye nyota ya Simba, John Deacon na Roger Taylor. Kaa ni wa Brian May. Juu yao ametanda ndege wa ngano anayezaliwa upya kutoka majivuni, na katikati iko herufi Q yenye taji ndani yake. Freddie mwenyewe alizaliwa chini ya nyota ambayo magazeti yetu huiita Mashuke. Kwa Kiswahili jina hilo linatukumbusha nafaka tu. Katika mapokeo ya Ulaya, nyota hiyo ni msichana bikira. Basi alijichoraje? Alijichora kama wasichana wawili wadogo wenye mabawa, mmoja chini ya kila simba.

Nimeitazama nembo hii mara nyingi. Angeweza kuchora suke la ngano, alama ambayo nayo inahusishwa na nyota hiyo, na hakuna ambaye angeuliza lolote. Alichagua umbo la kike, tena akalirudia mara mbili, akaliweka kwenye alama rasmi ya bendi ya wanaume wanne. Wala hakulificha pembeni. Mashabiki wamevaa nembo hiyo kifuani kwa zaidi ya miaka 50, wengi wao wanaume ambao wangekasirika wakiambiwa kwamba mmoja wa wanaume walioabudiwa na kizazi chao alijichora msichana.

Majina yake nayo yanafuata mkondo huo. Ni yeye aliyeipa bendi jina la Queen, yaani Malkia, akijua kwamba katika Kiingereza cha mitaani neno hilo lilitumiwa pia kwa wanaume wanaopenda wanaume. Kwa ajili yake mwenyewe alichagua jina la Mercury. Kwa Kiingereza jina hilo ni la mungu mjumbe wa Warumi, ni la sayari, na ni la madini tunayoyaita zebaki. Sidai kwamba alikuwa akifikiria madini. Lakini msomaji wa Kiswahili akilitafsiri jina hilo anajikuta ameshika kitu kisichoshikika: ni metali, lakini inatiririka, na ukiibana kwa kidole inagawanyika na kukimbia.

Masharubu yaliyobaki

Sasa turudi kwenye video iliyochekesha darasa. Wimbo uliandikwa na Deacon, na video iliongozwa na David Mallet. Inaigiza kwa utani tamthilia ya televisheni ya Uingereza iitwayo Coronation Street. Wanabendi wote wanne wamevaa kama wanawake wa nyumba moja: May yuko katika nguo ya kulalia na vibanio vya nywele, Taylor ni msichana wa shule, Deacon ni bibi mzee, na Freddie ni mama wa nyumbani anayefyonza vumbi kwa mashine. Uingereza ilicheka. Marekani haikuipokea vizuri.

Mwanamume kuvaa kike ili achekeshe si jambo geni kwetu. Vichekesho vya Kenya na Tanzania vimejaa wanaume wenye vilemba na khanga, na wazazi wetu hucheka nao bila wasiwasi. Kinachowapa usalama wa kucheka ni kwamba mwigizaji anajitahidi kuonekana mwanamke, na sisi tunajua fika kuwa siye. Mpaka unabaki wazi. Freddie anavuruga mpangilio huo kwa jambo moja dogo: hakunyoa. Ana sketi, wigi na hereni, na masharubu meusi mazito yanaonekana hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Hajaribu kutudanganya kwamba ni mwanamke, wala hatuhakikishii kwamba ni mwanamume anayetania. Vyote viwili vipo kwa pamoja katika uso mmoja, na kamera haitoi maelezo.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona hadi nilipoitazama kwa mara ya nne. Katikati ya video mandhari yanabadilika. Freddie anaonekana akicheza na wachezaji wa Royal Ballet, akiiga kiumbe wa kiume wa msituni aliyechezwa jukwaani na Nijinsky mwaka 1912. Katika sehemu hiyo masharubu yamenyolewa. Yaani anapovaa sketi ana masharubu, na anapocheza nafsi ya kiume hana. Ishara ambayo wengi wetu huitegemea kumtambua mwanamume imehamishiwa upande usiotarajiwa. Judith Butler, katika kitabu chake Gender Trouble cha mwaka 1990, anaeleza kwamba jinsia hujengwa kwa matendo yanayorudiwarudiwa mpaka yakaonekana kuwa ya asili. Video hii ilitoka miaka sita kabla ya kitabu hicho, na ilionyesha mfano wa wazo hilo kwa dakika chache, kwa wembe tu.

Hata hivyo, mhakiki wa kifeministi ana haki ya kuuliza swali gumu. Mama wa nyumbani katika video ni kichekesho cha nani? Freddie anaweka chini mashine ya vumbi, anafungua mlango na kuingia kwenye ndoto. Mama halisi wa nyumbani hana mlango huo. Mama zetu hapa Juba wanaoamka alfajiri kuchota maji hawawezi kuvua kazi hiyo kama wigi. Naikubali hoja hii. Video inazungumza vizuri zaidi juu ya uhuru wa anayevaa sketi kwa hiari kuliko wa yule aliyeamrishwa aivae.

Mwaka uleule

Kuna doa jingine ambalo halipaswi kufutwa na shabiki yeyote. Oktoba 1984, mwaka uleule wa wimbo wa kutaka kuwa huru, Queen walikwenda kutumbuiza Sun City, Bophuthatswana, ndani ya Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Umoja wa Mataifa ulikuwa umetoa wito wa kuisusia nchi hiyo kiutamaduni. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na bendi ikalaumiwa vikali.

Mimi ni mtoto wa nchi iliyopata uhuru mwaka 2011 baada ya vita virefu. Siwezi kulipita jambo hili kimya. Linaonyesha kwamba msanii anaweza kuuona ukuta uliojengwa kuuzunguka mwili wake mwenyewe na asiuone uliojengwa kuizunguka miili ya wengine. Miezi michache baadaye, tarehe 13 Julai 1985, Queen walitumbuiza Wembley katika tamasha la Live Aid kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, nchi ambamo wakati huo maelfu ya watu wetu walikuwa wakimbizi katika kambi ya Itang. Tamasha hilo linakumbukwa na dunia nzima. Sun City inakumbukwa na wachache. Mhakiki anatakiwa kuyakumbuka yote mawili.

Je, ni wetu?

Hapo ndipo linapoingia swali la kwanza la darasa. Freddie hakuzungumza sana hadharani kuhusu Zanzibar, na Zanzibar nayo haijui imweke wapi. Mwaka 2006, alipotimiza miaka 60 tangu kuzaliwa, sherehe ya kumkumbuka iliyopangwa Unguja ilipingwa na jumuiya ya Uamsho kwa hoja kwamba maisha yake yalikwenda kinyume na maadili ya Kiislamu, na haikufanyika. Novemba 2019 makumbusho yenye jina lake yakafunguliwa Shangani, Mji Mkongwe, na watalii wanalipa kiingilio. Jina limekubalika kwa sababu linaleta fedha. Sketi bado iko mlangoni.

Tumlinganishe na Siti binti Saad. Siti aliingia katika taarabu iliyokuwa mikononi mwa wanaume, akaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Kwa wakati wake huko kulikuwa ni kuvuka mpaka wa jinsia na wa tabaka pia. Leo hakuna anayeuliza kama ni wetu. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na wasifu ule ulisaidia kumtoa katika minong'ono na kumweka katika fasihi. Maji yaleyale ya Bahari ya Hindi yaliyompeleka Siti Bombay ndiyo yaliyompeleka mtoto Farrokh shuleni India. Tofauti ni kwamba Freddie hajapata Shaaban Robert wake.

Wapo watakaosema familia yake ilikuwa upande wa wakoloni, na kwamba kuhamia Uingereza si sawa na kukimbilia kambini. Ni kweli. Lakini wengi wetu katika idara hii tumejifunza Kiswahili Kakuma, Nairobi au Kampala. Tumerudi nyumbani na lafudhi za ugenini, na tumewahi kuulizwa sokoni kama sisi ni wa hapa kweli. Tungepaswa kuwa waangalifu tunapomuuliza mwingine swali hilohilo.

Shanga na nywele

Nimalizie hapa nyumbani. Sheria ya Adhabu ya Sudan Kusini ya mwaka 2008, katika kifungu cha wazururaji, inamtaja mwanamume anayevaa kwa mtindo wa mwanamke mahali pa hadhara. Ile video iliyotuchekesha, ikichezwa na kijana wetu kwenye barabara ya lami ya Juba, ni kosa.

Lakini mtindo wa mwanamke ni upi? Wanaume wa Kidinka walivaa vizibao vya shanga vilivyobana kiwiliwili, rangi za shanga zikionyesha rika la mvaaji. Vijana walipaka nywele zao rangi kwa mkojo wa ng'ombe na majivu, na kujipamba kulikuwa sehemu ya kuwa mwanamume wa kuheshimiwa. Sisemi kwamba wazee wetu walikuwa kama Freddie. Nasema kwamba shanga zilizokuwa za kiume kwa babu, mjukuu akizivaa leo mjini anaambiwa ni za kike, na hakuna aliyetupa tarehe ya mabadiliko hayo.

Mwaka jana mdogo wangu alirudi nyumbani nywele zimenyolewa upande mmoja. Alikuwa amesuka. Watu fulani walimsimamisha barabarani, wakamwambia amejifanya msichana, wakamnyoa wenyewe kwa wembe, kisha wakachoka au wakaitwa kwingine, wakamwacha hivyo. Hakulia. Aliomba kioo. Alijitazama kwa muda, akasema, "Dada, sasa nimekuwa nusu nusu," akacheka. Mama hakucheka. Alichukua mkasi akamalizia upande wa pili bila kusema neno. Mdogo wangu hapigi muziki wala hachori. Alipenda tu namna nywele zile zilivyomkaa.

Nilipokuwa nimesimama mbele ya darasa na simu mkononi, na swali lile likatoka viti vya nyuma, nilimwona yeye.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba katika nembo na katika video, Freddie Mercury alipanga alama za kiume na za kike kwa uangalifu wa mchoraji, na kwamba kicheko chetu kilitufanya tusiuone upangaji huo. Nimeonyesha pia mipaka yake: utani wake haumfungulii mlango mama wa nyumbani, na uhuru wake haukufika Sun City.

Kuhusu swali la pili, jibu langu kwa mwenzangu wa viti vya nyuma ni hili. Alizaliwa Unguja. Alichora. Aliimba. Alivaa sketi, akayaacha masharubu. Sentensi zote hizo ni Kiswahili sanifu na hakuna hata moja iliyolazimika kukujibu. Tuanze uhakiki wetu kwa sentensi za namna hiyo, tuone kazi inasema nini, ndipo tuulize mengine, kama bado tutakuwa na haja ya kuuliza. Wanaosimamisha watu barabarani wakiwa na wembe hawasubiri sentensi ya pili. Sisi tunaosomea lugha tunaweza.